Siku Niliyopaka Mofa Udongo

Nimepika kwa moto wa aina nne maishani mwangu, na nikisema ukweli hakuna hata mmoja niliouelewa. Wa kwanza ni wa mafiga ya mama yangu kule Nyangezi, mawe matatu na kuni za mikaratusi, moshi ukikufuata kila unakohamia. Wa pili ni wa mbabula, lile jiko la makaa ambalo Bukavu nzima hulipepea kila jioni kwa kipande cha kartoni. Wa tatu ni wa tanuri la matofali la masista waliotufundisha kushona, ambao walituamrisha tuoke mikate bila kutuonyesha namna, eti msichana anayeweza kushona kola atashindwaje na mkate. Wa nne ni wa mofa ya Koko. Huo ndio ulionivuruga kuliko yote, na mpaka leo nikiukumbuka hujikuta nimekaa mbele ya cherehani, mguu umesimama, sijui nilikuwa nashona gauni au suruali.

Koko hakuwa ndugu yangu. Huku kwetu koko ni bibi au babu, na kila mtu alimwita hivyo, sisi wapangaji wa vyumba vitatu ndani ya lupango lake, yaani kiwanja na nyumba zake, na majirani wa pande zote, juu kidogo ya soko la Nyawera. Alikuwa mama wa Kiislamu kutoka Uvira, wa zile familia za biashara ambazo mababu zao walitoka pwani ya mashariki, na Kiswahili chake kilinyooka kuliko chetu, ingawa Bukavu ilikuwa imekitia mikunjo. Aliletwa hapa akiwa bi harusi. Mwaka huohuo mama yake mzazi alimfuata, akamkuta binti yake anakula mikate ya dukani, akachukia, akavua kanga ya juu na kufinyanga mofa pale nyuma ya nyumba kwa mikono yake mwenyewe.

Asiyeijua mofa afikirie mtungi mkubwa wa udongo usio na kitako, uliozikwa ardhini mpaka kiunoni, mdomo wazi juu. Kuni zinawekwa ndani, chini kabisa. Zikishakuwa makaa unafuta ukuta wa ndani kwa kitambaa kibichi, unachukua donge la unga wa mtama, unalilowesha mgongo, unaingiza mkono mpaka begani na kulibandika ukutani. Linashika hapohapo. Unafunika kwa bati, unangoja, kisha unaubandua mkate kwa chuma chenye ncha iliyopinda. Mimi niliyekulia kwenye chungu kinachokaa juu ya moto sikuweza kukubali kwamba chakula kinaweza kuning'inia kando ya moto, kimeshikwa na ukuta tu, na kisianguke. Siku ya kwanza nilisimama kama dakika kumi nikiuangalia mkate mmoja. Koko aliniuliza kama nina homa.

Nilianza kuwa mikono yake bila kupanga. Mikono ya Koko ilikuwa imeanza kutetemeka, na asubuhi moja, nikipita na ndoo yangu ya maji, niliona mkate unamponyoka na kuangukia makaa, halafu wa pili, halafu yeye amesimama tu anautazama moshi. Niliweka ndoo chini nikachukua donge la tatu. Kesho yake aliniita, na keshokutwa sikungoja kuitwa. Nilikuwa na miaka thelathini na kitu, sina mume, sina mtoto, nina cherehani ya miguu ambayo ingeweza kungoja mpaka saa tatu. Wanawake wa mtaa walikuja na vikapu kununua mikate ikiwa bado moto, na Koko aliishi kwa mikate hiyo na kwa kodi ya vyumba vyetu, bila kumnyooshea mtu mkono.

Sasa, namna alivyonifundisha, hapo ndipo penye kizunguzungu. Ukuta wa mofa ukianza kushika moto unakuwa mweusi kwa masizi. Joto likizidi, masizi yenyewe yanaungua na ukuta unageuka mweupe. Hapo ndipo pa kubandika. Kwa maneno ni jambo dogo. Lakini nikiinama na kuuliza, "Koko, sasa?" ananijibu, "Bado." Nangoja kidogo. "Sasa?" "Umechelewa." Kati ya bado na umechelewa mimi sikuwahi kuona kitu chochote, na nilitafuta kwa miezi. Nikamwambia macho yangu hayaoni huo weupe. Akasema basi nisikilize, mofa iliyo tayari inanyamaza. Nilisikiliza kwa bidii zote, nikasikia pikipiki za Nyawera.

Na mimi si mtu mgumu kufundishwa, wengi wanakosea hapo. Siku moja, mbele ya wanawake wote na vikapu vyao, Koko alisema, "Mama, unabandika kama mwenye kupiga mutoto. Pole pole." Wale wakacheka. Niliweka donge chini, nikanawa mikono, nikaingia chumbani kwangu, na kwa siku nne sikuonekana uani saa za mofa. Sikukasirika. Nilikuwa na nguo za arusi za kumaliza. Mara ya pili ilikuwa habari ya kuni. Aliniambia "Si vile" mara moja, mara mbili, mara tatu, kwa sauti ileile isiyopanda wala kushuka, hadi nikakitupa kile chuma kikalia kwenye simenti, nikapanda basi dogo kwenda Nyangezi kumsalimia mama. Nilikaa juma zima, maana mama alikuwa hajaniona siku nyingi. Niliporudi nilimkuta Koko amefungwa kitambaa kwenye kifundo cha mkono. Alikuwa amejaribu peke yake, akaungua. Sikuuliza, nilianza tu kuwasha moto. Tangu hapo hakunisahihisha tena, nami nikajiambia nimeshajua kazi.

Kile kitambaa kilifika Uvira kwa mdomo wa jirani. Mtoto mkubwa wa Koko alikuwa mfanyabiashara huko, mtu mzima mwenye mvi zake, mpole, wa kusema mambo mara moja. Alipiga simu, na kwa kuwa masikio ya mama yake yalikuwa yamepungua, simu iliwekwa mezani kwa sauti kubwa na lupango lote likasikia.

"Mama, nakuja siku ya posho," alisema, yaani Jumamosi. "Nikikuta mofa inawaka na unaishi vizuri, mimi nitanyamaza. Nikikuta haiko vile, tunarudi wote huku. Ile fasi ya mofa tutabomoa, tutajenga chumba."

"Kuya uone," Koko alimjibu, akanipa ishara nikate simu.

Kisha akaniambia mimi, akiwa anakunja kitambaa cha meza ambacho hakikuhitaji kukunjwa: "Sitaki kwenda. Kule nitakuwa mugeni mu nyumba ya mukwe wangu. Hapa niko mwenye nyumba."

Basi mambo yalikuwa wazi, na katika habari hii yote ndiyo mara ya mwisho kwa mambo kuwa wazi kwangu. Mikate ya Jumamosi ikitoka, Koko anabaki Bukavu. Isipotoka, anaenda.

Kwetu, mgeni mkubwa akitazamiwa, siku moja kabla mahali pa moto panapakwa udongo mpya. Mama yangu huchanganya udongo wa bondeni na samadi ya ng'ombe, akapaka kuzunguka mafiga, sakafu, mpaka chini ya ukuta, kwa kiganja, vidole vikiacha mistari. Mgeni akikuta mahali pa moto pamepauka na kupasuka anajua kwamba hakungojwa. Na kazi hiyo haiombewi ruhusa. Mwenye nyumba akiwa mzee, binti yake anasubiri atoke, anapaka, mzee akirudi anakuta tayari. Kumuuliza kwanza ni sawa na kumuuliza mtu kama anataka kuamkiwa.

Na mofa ya Koko ilihitaji. Mdomo wake ulikuwa umemeguka pande mbili, na ubavuni palikuwa na nyufa ambazo mchwa walikuwa wameanza kuzipenda. Nilimwomba mama udongo, naye akanitumia gunia kwa basi la Alhamisi, udongo mzuri, mlaini, wa rangi ya chai ya maziwa. Samadi niliiacha. Nilijua kidogo mambo ya Waislamu na unajisi, na sikutaka mavi ya ng'ombe yakaribie mkate wa Koko. Nilijipongeza sana kwa akili hiyo.

Ijumaa Koko alikwenda msikitini, na kutoka huko angepita Kadutu kwenye kilio cha rafiki yake. Nilianza kupaka nje. Nikasema nitaishia mdomoni. Lakini mkono wenye udongo mzuri hauishii pale ulipouambia. Ndani palikuwa peusi, pana makovu ya miaka na miaka, na niliona aibu kwa niaba ya Koko. Niliwaza kwamba mtoto wake ataingia, atainama, atachungulia na kuona weusi ule. Basi nikalowesha ukuta wa ndani kwa maji, tena maji mengi, kama mama anavyofanya ili udongo ushike, nikapaka. Nilipaka mpaka chini kabisa, mkono umezama hadi begani, shavu langu limelala kwenye mdomo wa mofa. Sijawahi kufanya kazi kwa furaha kiasi kile. Nilikuwa naimba.

Koko alirudi alasiri na fimbo yake. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nikijifanya napinda sketi ya mteja. Aliona tangu mlangoni. Alisogea taratibu, akaweka kiganja ubavuni mwa mofa, kisha akainama na kuingiza mkono.

"Umepaka," alisema.

"Ndiyo, Koko. Juu ya mugeni ya kesho."

"Mpaka ndani?"

"Mpaka kule chini kabisa."

Mkono wake ulibaki humo. Niliona midomo yake inafunguka, kisha ikafungwa. Alinitazama usoni, akautazama mlango wa chumba changu, akanitazama tena.

"Iko muzuri," alisema. "Asante, mutoto yangu."

Akaenda kutawadha. Niliendelea kupinda sketi, na moyo wangu ulikuwa umejaa kabisa. Nilifikiri nimemfanya mwanamke mzee akose la kusema kwa furaha.

Mtoto wake alifika Jumamosi saa nne, shati jeupe, na kikapu cha samaki wa Tanganyika waliokaushwa. Alinisalimu kwa heshima, akaniita mama ingawa aliweza kunizaa, akakaa kwenye kiti alichotolewa karibu na mofa. Akaupitisha mkono juu ya udongo wangu mpya na kusema, "Ah, mumepamba." Wanawake wa vikapu walikuwa wamekuja wengi kuliko siku zote, maana lupango lote lilikuwa limesikia simu.

Moto ulikataa tangu mwanzo. Kuni zilikuwa kavu, nilizichagua mwenyewe, lakini ziliwaka kwa kunung'unika. Ukuta haukuwa mweusi, haukuwa mweupe. Ulikuwa wa kijivu na ulitoa jasho. Matone yalishuka ukutani na kuingia motoni, tss, tss, na mvuke ukapanda usoni mwangu. Nikaongeza kuni. Nilikuwa sijawahi kuona mofa ikilia namna ile, na sikujua kama hilo ni bado au ni umechelewa.

"Koko, sasa?"

"Utaona weye mwenyewe," alisema.

Nilishangaa. Hajawahi kunijibu hivyo. Nilimtazama, naye alikuwa amekaa mkekani, mikono mapajani, anaangalia chini. Nikajiambia basi ananiamini. Nikalowesha mkono, nikabandika mkate wa kwanza. Ulishika. Nikabandika wa pili, ukashika. Wanawake wakapumua. Nilipobandika wa tatu, ule wa kwanza ulianza kutembea. Ulishuka taratibu na kipande cha udongo mgongoni, kipana kama sahani, vikaingia vyote majivuni. Wa pili ukafuata. Nilikuwa bado nimeshika wa tatu kwa kiganja, nikiusukuma ukutani kana kwamba nguvu zangu zingesaidia, mofa ilipotoa mlio mmoja mfupi. Ufa ulipita kutoka mdomoni mpaka ardhini. Kisha ubavu mzima, ule wa upande wa mgeni, ukaketi ndani ya moto.

Majivu yalitufunika wote. Shati jeupe halikuwa jeupe tena. Hata wale wanawake, ambao huwa na neno kwa kila jambo, walianza kuondoka mmoja mmoja na vikapu vitupu.

Mtoto wa Koko alijifuta uso. Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

"Basi, mama," alisema. Halafu akachukua kipande cha udongo wangu, akakivunja kwa vidole, akaona kilivyo kibichi. "Nani alipaka humu ndani?"

Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua mdomo.

"Ni mimi nilimutuma," Koko alisema. "Yeye alikataa. Alisema itapasuka. Nikamwambia apake tu."

Nikaufunga mdomo. Ningeweza kusema si kweli, kulikuwa na nafasi, palikuwa na kimya kirefu cha kutosha mtu kusema sentensi kumi. Sikusema hata moja. Nilimwacha mwanamke mzee aseme uongo mbele ya mtoto wake, tena uongo ambao mimi ndani yake nilikuwa mwerevu na yeye mjinga. Mtoto wake alinitikisia kichwa kwa pole, kama mtu anayemwonea huruma mtumishi mwema.

Waliondoka Jumatatu asubuhi. Koko alivaa kanga mpya, akakaa mbele, akanishika mkono kupitia dirishani na kuniambia nishone vizuri. Gari likashuka kuelekea barabara ya Nyangezi. Mwezi uliofuata walikuja mafundi, wakaiondoa mofa iliyobaki kwa alasiri moja, na pakajengwa chumba chenye mlango wa bluu.

Hapo ndipo akili yangu ilipoanza kuzunguka. Maana Koko alijua. Haikuwezekana asijue. Alikuwa amenisimulia, si mara moja wala mbili, jinsi mama yake alivyoikausha mofa ile ilipokuwa mpya, siku saba za moto mdogo wa majani makavu na vijiti, siku ya nane ndipo kuni za kweli. Mimi niliisikia kama habari ya mama yake, sikuisikia kama habari ya udongo. Lakini yeye, alipoingiza mkono ule Ijumaa na kukuta ubichi, alijua saa ileile nini kitatokea Jumamosi. Bado kulikuwa na mchana uliobaki. Tungeweza kuukwangua. Tungeweza kumpigia mtoto wake simu na kumwambia aje juma lijalo. Hakusema kitu. Alisema asante.

Nilishona mikono ya blauzi nyuma mbele kwa sababu ya jambo hilo. Kuna siku niliamini kwamba alikuwa amechoka, alitaka kwenda kwa mtoto wake na aliona haya kusema. Hilo lilinituliza mpaka nilipokumbuka alivyosema hataki. Siku nyingine niliamini kwamba alishindwa kukataa heshima niliyompa, kwamba kwao pia mtu hafuti kilichopakwa kwa upendo. Hilo lilikuwa tamu zaidi, nikalikumbatia juma mbili, kisha nikajiuliza ni nani anayetoa nyumba yake yote ili asimvunje mpangaji moyo. Siku nyingine tena nilimkasirikia. Nikasema alinitega, alinifanya niibomoe mimi ili abaki na lawama ya kunipa maisha yangu yote. Jirani niliyemuuliza alisema wazee ndivyo walivyo, jibu ambalo ungeweza kumpa mtu yeyote kwa swali lolote. Nikampigia mama simu.

"Ulimuheshimu," mama alisema. "Ulifanya muzuri. Lakini samadi uliacha juu ya nini? Udongo bila samadi unashikwa na nini?"

Nikamkatia simu. Nilimpigia tena baada ya siku tatu.

Karibu mwaka ulikuwa umepita nilipokwenda Uvira. Nilisema napeleka nguo kwa mteja, na kweli nilikuwa na mfuko wa nguo, lakini mteja huyo angeweza kungoja mpaka Krismasi. Joto la Uvira lilinipokea vibaya. Nyumba ya mtoto wa Koko ilikuwa kubwa, sakafu ya kung'aa, na jikoni kulikuwa na jiko la gesi ambalo Koko alikatazwa kulisogelea. Nilimkuta uani kwenye kiti cha plastiki. Alikuwa amenenepa kidogo na ngozi yake ilikuwa nzuri. Mkwe wake alituletea chai ya tangawizi, akasalimu vizuri, akaenda dukani.

"Wananipenda," Koko aliniambia kabla sijauliza. "Hawaniachi niguse kitu."

Tulizungumza juu ya mtaa, nani amezaa, nani amehama. Nilikunywa chai yote ndipo nikapata nguvu.

"Koko, ile Ijumaa uliingiza mukono mu mofa. Ulijua itapasuka?"

"Nilijua."

"Sasa juu ya nini haukuniambia?"

Alinitazama kana kwamba nimemuuliza mlango uko wapi nami nimeukalia.

"Kukuambia weye?" alisema. "Mara ya kwanza nilikuambia, ukajifungia siku ine. Mara ya pili ukaenda Nyangezi juma nzima, mimi nikaungua. Ijumaa ile, mwanangu anakuja kesho yake. Ningekuambia umekosea, toa udongo yote, ungekuwako asubuhi?" Hakungoja nijibu. "Nilisema, mofa pengine itapasuka kidogo. Pengine mikate miwili mitatu itatoka, ataiona, atarudi kwake. Lakini weye ukienda, mimi sina mikono. Nilihesabu hivyo. Nilihesabu vibaya."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa rahisi zaidi. Alisema kama mtu anayekueleza njia ya kwenda sokoni, na kila neno lilikuwa kweli, na nililijua kuwa kweli kabla halijamalizika. Mwaka mzima nilikuwa nimeitafuta sababu ndani ya Koko, katika uchovu wake, katika dini yake, katika uzee wake. Sikuwahi kutafuta upande wangu. Mwanamke yule alipoteza nyumba yake kwa sababu mimi ni mtu asiyeambiwa kitu.

Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Na pamoja na haya, nasema kama ilivyokuwa, nilipandwa na kile kitu changu, kile ninachokiita si hasira. Nilitaka kusema kwamba nguo za arusi zilikuwepo kweli. Nilitaka kusema kwamba nimesafiri tangu alfajiri kwenye joto lisilo langu, si kuja kuhukumiwa kwenye kiti cha plastiki. Basi la kurudi lilikuwa saa saba.

Koko hakuwa ananitazama usoni. Alikuwa anatazama mkono wangu. Niliyafuata macho yake, nikaukuta mkono umeshaushika mfuko wa nguo, na mimi mwenyewe nimeshanyanyuka nusu.

"Unaona?" alisema.

Niliuachia mfuko. Nikakaa. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kuingiza mkono motoni, na sisemi hivyo kwa kupamba. Nikamwambia, "Koko, niambie yote nilikosea. Toka siku ya kwanza. Sitaenda."

Akanitazama kuona kama ni kweli. Kisha akaanza na namna nilivyolowesha donge, akaja kwenye kuni, akaja kwenye kubandika kwangu, kwenye sauti yangu mbele ya wateja, kwenye mlango wangu niliokuwa naubamiza, na hakuniachia hata kimoja. Alifika kwenye udongo wa Ijumaa wakati wa adhana ya alasiri, basi langu limeshaondoka zamani, na nilikuwa bado nimekaa.